Kijapani tukifundishe kwa Kiswahili: "wa" si "ni"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kitini cha Kijapani kinachouzwa kwenye steshenari kadhaa za hapa Moshi, na kinachotolewa kopi na vijana wanaojiandaa kuwa waongoza watalii. Ukurasa wake wa kwanza umebeba kanuni moja kwa herufi kubwa: WA = NI. Chini yake upo mfano mmoja tu, "Watashi wa gaido desu", na tafsiri yake, "Mimi ni mwongoza watalii". Baada ya hapo kitini kinakwenda moja kwa moja kwenye majina ya wanyama.

Majina ya wanyama yako sawa. Twiga ni kirin, punda milia ni shimauma, kiboko ni kaba, faru ni sai. Kijana akiyakariri hayo yatamfaa sana mbugani. Tatizo ni ile kanuni. Anayeanza Kijapani akiwa ameambiwa kwamba "wa" ni sawa na "ni" atapotoka karibu kila anapofungua kinywa, wala hatajua kwa nini wageni wanamtazama bila kumwelewa, maana kila neno alilotamka ni la Kijapani kweli.

Nimeongoza wageni wa Kijapani mlimani na mbugani tangu ujana wangu, na siku hizi nafundisha vijana lugha hiyo nyakati za jioni. Kila kundi jipya linaingia darasani na kanuni hiyo kichwani, na majuma ya mwanzo yanaishia katika kuing'oa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ingekuwa rahisi mno kuwafundisha sawasawa tangu siku ya kwanza, kwa lugha wanayoisema kutwa. Kiswahili kina karibu kila kinachohitajika ili kulielewa neno "wa" na mwenzake "ga". Kiingereza hakina. Hata vitabu vizuri vya Kiingereza, ambavyo haviandiki upuuzi kama huo wa kitini, hulazimika kuzunguka kurasa nyingi kueleza jambo ambalo mtoto wa Pasua au Majengo analifanya kila siku akizungumza na mama yake. Na bado sisi tunajifunza Kijapani kwa kupitia Kiingereza.

Nianze na "wa" lenyewe. Katika "Watashi wa gaido desu", kinachofanya kazi ya "ni" yetu ni "desu", iliyoko mwishoni. Neno "wa" hukaa nyuma ya mtu au kitu tunachotaka kukizungumzia, na kumwambia msikilizaji: shika hiki, maneno yanayokuja yanakihusu hiki. "Watashi wa" ni "Mimi", pamoja na ile pumzi ndogo tunayoivuta baada yake kabla ya kuendelea.

Ushahidi uko mezani hotelini. Wajapani wakikaa kuagiza vinywaji, mmoja atasema "Watashi wa kōhī", mwingine "Watashi wa kōcha". Kwa kanuni ya kitini, hao wamesema "Mimi ni kahawa" na "Mimi ni chai". Lakini mhudumu yeyote wa Moshi angewaelewa, kwa sababu nasi tunaagiza hivyo hivyo: "Mimi kahawa." "Mimi chai ya rangi." "Mimi wali maharage." Hakuna anayetia "ni" hapo. Kule Japani kahawa ya arabika ya Tanzania, ukiacha ile ya Bukoba, huuzwa kwa jina la Kirimanjaro, na mteja anayesema "Watashi wa Kirimanjaro" anaagiza kikombe cha kahawa ya kwetu. Wanaisimu wa Kijapani wana sentensi yao mashuhuri ya namna hii, "Boku wa unagi da", ambayo husemwa na mtu anayeagiza unagi, samaki wa jamii ya mkunga. Imewashughulisha wataalamu miaka mingi. Darasani kwangu niliiandika ubaoni bila maelezo, na binti mmoja wa kutoka Marangu akasema, "Mwalimu, si ni kama mimi ninavyosema 'mimi chipsi mayai'?" Ndiyo. Ni hivyo hivyo.

Sikiliza pia salamu zetu. "Sisi hatujambo, ninyi je?" Hiyo "je" inayobandikwa kwenye jina kisha sentensi ikaachwa hapo, Mjapani huitoa kwa "wa": "Anata wa?" Wewe je? "Okosan wa?" Watoto je? Kitenzi hakipo, na msikilizaji anajua ajaze nini. Hata salamu ya "konnichiwa", ambayo kila muuza vinyago mjini anaijua, ndani yake mna "wa" hili hili. "Konnichi" ni siku ya leo, na "wa" linaitaja kuwa ndiyo inayozungumziwa, yaliyobaki yakaachwa bila kutamkwa.

Kuhusu maandishi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa vijana sasa wanawaandikia wageni kwa simu. "Wa" hili linatamkwa "wa" lakini linaandikwa は, herufi ambayo kwingine husomwa "ha". Mwaka 1946 Wajapani walirekebisha tahajia yao ili ifuate matamshi, ila maneno machache ya sarufi, hili likiwemo, yaliachiwa herufi zake za zamani. Kijana anayeandika わ kwa sababu ndivyo alivyosikia ataeleweka, lakini mgeni ataona mara moja kwamba hakufundishwa.

Sasa nije kwa "ga", maana "wa" halieleweki likiwa peke yake, na kitini hakimtaji mwenzake hata mara moja.

Kijana mmoja, kabla hajaja kwangu, alitumwa uwanja wa ndege wa KIA kupokea kundi la wageni. Nje ya mlango walikuwa wamesimama madereva, wapagazi na wafanyakazi wa ofisi, wote wamevaa fulana za rangi moja. Mama mmoja wa makamo kati ya wageni akauliza, "Dare ga gaido-san desu ka?" Kijana akajibu kwa uchangamfu, "Watashi wa gaido desu." Yule mama akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza swali lile lile kwa mara ya pili, akiwatazama wengine. Alikuwa amesikia vizuri. Ila yeye aliuliza "nani ndiye", naye akajibiwa na mtu anayejitambulisha tu, kana kwamba amesema, "Mimi, kazi yangu ni kuongoza watalii." Jibu la swali lake lilikuwa "Watashi ga gaido desu."

Mimi ni. Mimi ndiye. Hapo ndipo penye tofauti yote ya "wa" na "ga" katika sentensi ya namna hii, na Kiswahili kinaitenganisha waziwazi kuliko lugha yoyote ninayoijua. Kiingereza hakina "ndiye". Lazima mtu akaze sauti au aigeuze sentensi nzima. Sisi tunalo neno lenyewe, tena linalokwenda na ngeli: ndiye, ndio, ndicho, ndipo. Nikimwambia mwanafunzi, "Ukiona nafasi ya 'ndiye', weka ga," hanisumbui tena. Na maswali ya nani na kipi, yanapomuuliza mtendaji, hubeba "ga" daima, kwa sababu "wa" humtaka msikilizaji ashike kitu anachokijua, na huwezi kumshikisha mtu asiyejulikana bado. "Dare wa kimashita ka" si Kijapani. "Dare ga kimashita ka", nani amekuja? Na jibu lake nalo huja na "ga".

Lakini "ga" si "ndiye" peke yake, na hapa naomba wasomaji wanaopenda lugha yetu wanisikilize kwa makini, maana hili ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Tazama sentensi mbili: "Wageni wamekuja" na "Wamekuja wageni". Maneno ni yale yale. Lakini ukinipigia simu na kuniambia "Wageni wamekuja", najua ni wale tuliokuwa tunawasubiri, na habari mpya ni kwamba wamefika. Ukiniambia "Wamekuja wageni", sikuwa na habari ya wageni wowote. Habari yako ni kwamba kuna watu mlangoni. Mjapani hawezi kuhamisha kitenzi, kwa kuwa kitenzi chake hukaa mwisho wa sentensi siku zote. Yeye hubadilisha neno dogo: "Okyakusan wa kimashita" kwa wale wanaojulikana, "Okyakusan ga kimashita" kwa wale wa kutokea tu. Sisi tunacheza na mpangilio, wao wanacheza na "wa" na "ga", na maana inayotofautishwa ni ile ile.

Mbugani hili ni la kila saa. Gari limesimama, mgeni anatafuta kwa darubini. Ukitaka kumwonyesha asichokiona bado, unasema "Pale pana tembo": "Asoko ni zō ga imasu." Akikuuliza tembo waliyekuwa wakimfuatilia asubuhi ameelekea wapi, unasema "Tembo yuko pale": "Zō wa asoko ni imasu." Simba akitokeza ghafla majanini, kelele yetu ni "Ametokea simba!", na yao ni "Raion ga!" Kijana wa kitini husema "Raion wa!", na mgeni badala ya kugeuka kuangalia anasubiri sentensi iishe. Simba, amefanya nini? Mpaka hapo mkia umeshapotea.

(Na kwa kuwa nimetaja "imasu": watu na wanyama huwa na "imasu", vitu na mimea huwa na "arimasu". Tembo imasu, gari arimasu, mbuyu arimasu. Wazungu hulihangaikia jambo hili. Sisi tunasema tembo yuko, gari liko, mbuyu uko. Mwanafunzi wangu akiuliza atumie kipi, namuuliza kitu hicho kinakwenda na "yu" au hakiendi.)

Masimulizi yanaonyesha jambo hilo hilo kwa uzuri zaidi. Hadithi ya Momotarō, ambayo kila mtoto wa Kijapani ameisikia, huanza hivi: "Mukashi mukashi, aru tokoro ni, ojiisan to obaasan ga imashita." Hapo zamani za kale, mahali fulani, palikuwa na babu na bibi. Hapo ni "ga", kwa kuwa ndiyo kwanza wanaingia. Sentensi ya pili: "Ojiisan wa yama e shibakari ni, obaasan wa kawa e sentaku ni ikimashita." Babu yule akaenda mlimani kukata kuni, na bibi yule akaenda mtoni kufua. Sasa ni "wa", kwa sababu tumeshawajua. Msimulizi wetu hufanya vivyo hivyo: huanza na "palikuwa na" au "paliondokea", akisema mzee mmoja, kisha akarudi kwake kwa "mzee yule". Hataanza hadithi kwa "mzee yule", na hata mtoto mdogo angemkatiza amuulize mzee yupi. Ndivyo Mjapani anavyosikia "wa" likitumiwa mahali ambapo mtu huyo hajatajwa bado.

Yapo na mengine ya mpangilio. Tunasema "picha aliyopiga mgeni", "nyumba aliyojenga baba", mtendaji akikaa baada ya kitenzi chenye "-yo-" ya urejeshi. Huko ndani Kijapani hakiruhusu "wa" la kumtaja anayezungumziwa: "okyakusan ga totta shashin", "chichi ga tateta ie". Sisemi kwamba lugha hizi ni ndugu. Hazina undugu wowote. Ila nimegundua, na vijana wangu wamegundua, kwamba pale Kiswahili kinapopenda kumweka mtajwa nyuma ya kitenzi, mara nyingi mno Kijapani huweka "ga". Hakuna kitabu cha Kiingereza kinachoweza kumpa mwanafunzi wa Moshi ufunguo huo.

Kisha kuna sentensi ambayo waalimu wa Kijapani duniani kote huiheshimu: "Zō wa hana ga nagai." Mwaka 1960 mwanasarufi Mikami Akira, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, aliifanya kuwa jina la kitabu chake, akishikilia kwamba si sawa kuilazimisha sarufi ya Kijapani iingie katika viatu vya "kiima" cha lugha za Ulaya. Ukimuuliza mwanafunzi wa Kiingereza kiima cha sentensi hiyo ni kipi, tembo au pua, atababaika. Kwa Kiswahili ni "Tembo, pua yake ndefu." Tembo ndiye tunayemzungumzia, pua ndiyo yenye urefu. Sisi tunaongea hivyo kutwa: "Juma, gari lake limeharibika." "Yule dada, sauti yake tamu." Na zaidi ya yote, "Mimi kichwa kinaniuma", ambayo ni "Watashi wa atama ga itai desu" neno kwa neno: mimi wa, kichwa ga, kuuma. Kwa Kiingereza mtu husema ana maumivu ya kichwa, kana kwamba ameyamiliki. Mswahili na Mjapani wote wawili wanakiacha kichwa kiume chenyewe.

Sentensi hii si ya ubaoni tu. Watu wanaopanda Kilimanjaro na sisi wanaweza kuugua kwa sababu ya kimo, na dalili za kwanza ni kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida. Kambi ya Horombo iko mita 3,720. Kilele cha Fuji ni mita 3,776. Wajapani waliowahi kupanda Fuji hufika Horombo wakijiona wanapajua mahali hapo, wakati bado wana zaidi ya mita elfu mbili mbele yao, na wengi hawapendi kuwasumbua wenzao kwa kulalamika. Jioni moja, ndani ya banda la kulia chakula, nilimuuliza mzee mmoja wa kundi langu anajisikiaje. Akajibu, "Atama wa daijōbu desu."

Mwenye kitini angesikia "Kichwa ni kizima" akaenda kulala. Lakini mimi sikuwa nimeuliza kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitaja na kukiwekea "wa", na "wa" la namna hiyo hutenga: kichwa, hicho hakina neno, kingine sijasema. Kwa Kiswahili chetu ni kama mtu aliyeulizwa hali akajibu, "Aa, kichwa hakijambo." Mama yeyote angemuuliza mwanawe swali la pili. Nikamuuliza, "Onaka wa?" Tumbo je? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shokuyoku ga nai n desu," hamu ya kula hana. Sahani yake ilikuwa kama ilivyotoka jikoni, na ya mchana, mpagazi mmoja akaniambia, ilirudi hivyo hivyo. Hatukumpandisha kesho yake. Tulimpumzisha hapo hapo Horombo, tukimpa uji na maji kidogo kidogo, mpaka alipoanza kula.

Mtu anaweza kusema kwamba mwongozaji mzuri angemwona tu usoni. Pengine. Lakini usiku, katika baridi, wageni wakiwa wengi na wote wamejifunika skafu hadi machoni, mara nyingine kitu pekee unachokipata ni hiyo sentensi moja.

Wapishi wa mlimani nao wanalihitaji "wa" hili la kutenga. Mgeni akisema "Sakana wa tabemasu", amesema "Samaki, nakula", wala si "Nakula samaki" ya kawaida. Kwa kumtanguliza samaki amekuachia swali, na kazi yako ni kuuliza "Niku wa?", nyama je, kabla ya kuikata. Na wageni wakiondoka, ukimuuliza mmoja safari ilikuwaje naye akasema "Heya wa yokatta desu", chumba kilikuwa kizuri, usifurahi haraka. Amesema chumba chenyewe kilikuwa kizuri. Uliza kuhusu chakula, uliza kuhusu gari.

Kosa lingine linalotokana na kitini ni kurudia "watashi wa" kila sentensi. Kwa kuwa wameambiwa kwamba hiyo ndiyo "mimi ni", vijana hujitambulisha hivi: Watashi wa fulani, watashi wa Moshi, watashi wa miaka fulani, watashi wa, watashi wa. Kwa Kiswahili hakuna anayesema "Mimi naitwa fulani, mimi natoka Moshi, mimi nina kaka wawili, mimi napenda mpira." Mimi ya kwanza inatosha, ya pili na ya tatu zinaanza kusikika kama majivuno, au kama mtu anayebishana na mwenzake. Ndivyo inavyosikika kwa Kijapani. Taja mara moja, kisha acha. Wao huacha kabisa, nasi tunabaki na "na-" tu kwenye kitenzi.

Sitaki nieleweke kwamba Kiswahili kinamaliza kila tatizo. Yapo mahali ambapo tunapaswa kujifunza upya. Tunasema "Napenda kahawa", lakini Kijapani husema "Kōhī ga suki desu", na mwanafunzi hushangaa kahawa kupewa "ga". Hapo nawaambia wafikirie "kahawa inanipendeza", na mambo yanakaa sawa. Vivyo hivyo "Suwahirigo ga wakarimasu": usifikirie "naelewa Kiswahili", fikiria "Kiswahili kinanielea", kama wazee wanavyosema somo limemwelea mtu. Vilevile tuna sentensi nyingi za kawaida, kama "Mvua inanyesha", ambazo mpangilio wake hautuambii kitu, na Mjapani akichungulia dirishani atasema "Ame ga futte imasu" kwa "ga". Hizo zinataka kusikia na kurudia, hazina njia ya mkato. Asubuhi wingu linapofunguka hapa Moshi nawafundisha ile ya "Kyō wa yama ga miemasu", leo mlima unaonekana. Leo imepewa "wa", kwa kuwa tunaitenga na jana ya mawingu; mlima umepewa "ga", kwa kuwa ndio umejitokeza. Sentensi moja, na yote mawili yamo.

Ndugu Mhariri, Wajapani wanapotaka kujifunza Kiswahili hawalazimiki kuzunguka. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kwa Kijapani, na shirika lao la utangazaji, NHK, lina idhaa ya Kiswahili. Nimekutana na vijana wa Kijapani wanaosema "pale pana" na "ndiye" kwa usahihi wa kutia raha, kwa sababu mtu fulani aliwaonyesha moja kwa moja kwamba "wa" yao na "ga" yao zinakaa wapi ndani ya lugha yetu. Daraja hilo limeshajengwa kutoka upande wao.

Ombi langu kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa vyuo vinavyofundisha utalii, ni kuandaa sarufi fupi ya Kijapani iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza, bila kutafsiri ya Kiingereza. Haihitaji kuwa nene. Ianze na "Mimi kahawa", ije kwenye "Mimi ni" na "Mimi ndiye", kisha "Wageni wamekuja" na "Wamekuja wageni", kisha "Mimi kichwa kinaniuma". Kurasa kumi na tano zingetosha kwa "wa" na "ga", na mwenye kuzielewa ataweza kuendelea mwenyewe. Waalimu wa Kijapani tulioko Moshi na Arusha tuko tayari kutoa mifano yetu na kuisoma rasimu bila malipo.

Na kwa wenye steshenari: sihitaji mkiondoe kitini chenu madukani, maana majina ya wanyama yanawasaidia vijana. Futeni mstari ule mmoja wa ukurasa wa kwanza kabla ya kutoa kopi nyingine. Masika yakiisha Mei, kundi kubwa la wageni huanza kuingia Juni, na vijana watakaowapokea wanazinunua kopi hizo sasa.

Mwongoza watalii na mwalimu wa Kijapani,
Moshi, Kilimanjaro